Kambi ya Madame wa Sita

Siku hizi watu wa Panda, mtaa wetu hapa Likasi, wanamsifu Madame wa Sita. Wanasema alikuwa mama mpole, mwenye kupenda watoto. Nikisikia hivyo natamani kutupa kitu ukutani. Hakuwa mpole. Wale wale wanaomsifu leo walikaa kimya siku alipoondolewa, na sasa wanampaka upole kwa sababu mtu mpole hamdai mtu chochote. Mimi nilifundisha naye miaka kumi na mmoja, ukuta kwa ukuta, mimi darasa la nne, yeye la sita. Nilikuwa jirani yake pia, nyumba tatu kutoka kwake, katika zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya zamani iliwajengea wafanyakazi wake. Namjua. Alikuwa mkali, mbishi, mwenye kiburi cha kalamu nyekundu, na alikuwa upande wa haki mara nyingi kuliko mtu wa kawaida anavyoweza kuvumilia.

Kwetu kila mwalimu mwanamke huitwa Madame. Yeye aliitwa Madame wa Sita kwa kuwa hakuna aliyekumbuka mwaka ambao darasa la sita lilikuwa la mtu mwingine.

Darasani alikuwa mgumu. Mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili badala ya Kifaransa alivishwa kibao cha mbao shingoni, na alikaa nacho mpaka mwingine ateleze. Nilimchukia kwa hicho kibao. Wazazi wa watoto wale ni watu wa kila mahali, Waluba, Wabemba, Wasanga, na lugha waliyooana nayo ni hicho hicho Kiswahili. Siku moja nilimwambia kwamba anawavisha watoto mama zao kama aibu. Alijibu kwamba mtihani wa taifa hauulizi mama yako anasema nini. Kisha akafunga mlango. Alikuwa akifunga milango vizuri sana, bila kuibamiza, na hilo liliuma zaidi kuliko kama angeibamiza.

Hakujua kumsifu mtoto. Mtoto akipata hesabu zote, alisema, "Sawa. Keti." Akikosa zote, alimwambia akae karibu na dirisha ili walau apate mwanga. Watoto walicheka, na yule wa dirishani alicheka pia, kwa sababu ukiwa na miaka kumi na mmoja huna la kufanya zaidi ya kucheka. Lakini yule wa dirishani ndiye aliyebaki naye saa ya chakula, kila siku, wakila karanga kutoka mfuko wa koti la kiume alilovaa Madame na kurudia hesabu zile zile. Alikuwa akimfedhehesha mtoto mbele ya watu na kumwokoa pembeni, ambapo hakuna aliyeona. Sijui kwa nini hakuweza kugeuza mpango huo. Ningemuuliza, lakini kati yetu maswali ya namna hiyo hayakuwa na nafasi.

Watu wengi wanakumbuka majuma ya mwisho wa mwaka, na hapo naungana nao. Mtihani wa taifa ukiisha, shule nzima hulegea. Walimu wanajaza madaftari ya alama, watoto wanacheza mpira uwanjani mpaka vumbi linaingia madarasani, na kila mtu anangoja siku ya kutangaza matokeo. Darasa la sita ndipo lilipoanza kazi. Walikwangua madawati kwa vipande vya chupa, wakayasugua kwa mchanga na majivu. Walishona vitabu vilivyochanika. Walipaka ubao weusi mpya kwa makaa yaliyosagwa na maji ya majani ya muhogo, na mikono yao ilibaki myeusi siku nne. Halafu kila mtoto aliandika barua kwa yule atakayekalia dawati lake mwaka ujao, kumweleza mambo ambayo Madame hatamweleza. Aliwaahidi kwamba wako huru kuandika lolote. Na kweli walikuwa huru. Ila alizisoma zote usiku na kusahihisha makosa kwa kalamu nyekundu, hata zile zilizomtukana. Niliwahi kuona moja imeandikwa kwamba Madame ana roho ya simba, na neno "simba" limesahihishwa kwa kuwa mtoto alikuwa amekosea herufi.

Baada ya hapo ilikuja kambi.

Mwaka wa kwanza watoto hawakuelewa. Walimwambia kwamba wao tayari wanakaa kambini, maana mitaa yetu ya wafanyakazi inaitwa kambi tangu zamani, na hakuna haja ya kupanda gari kwenda kambi nyingine. Alicheka, na mimi nakumbuka kwa sababu sikumwona akicheka mara nyingi. Kambi yake ilikuwa shamba la kaka yake, ng'ambo ya Kapolowe, mji mdogo kwenye barabara ya Lubumbashi, kando ya kijito kinachoshuka kuelekea ziwani. Siku tatu, mwisho wa Juni, wakati wa baridi na vumbi, asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi. Watoto walibeba mablanketi, mikeka, masufuria na unga wa bukari, ugali wetu. Maturubai yalifungwa kati ya miti. Mimi nilikwenda naye miaka minane kati ya hiyo kumi na mmoja, kwa kuwa alihitaji mwanamke wa pili wa kulala na wasichana.

Alipoulizwa na wazazi faida ya jambo hilo, alisema watoto wa Likasi wanatambua kila jiwe. Muonyeshe mtoto wa miaka sita jiwe la kijani, atakuambia ni shaba, la bluu atakuambia ni kobalti, na atakuambia mjomba gani anachimba wapi. Lakini mweke chini ya mti, hajui jina lake. Aliona ni aibu mtu kujua tu vitu vinavyouzwa.

Na kule kambini Kifaransa kilikuwa marufuku. Kile kibao alikiacha kabatini. Alisema nao Kiswahili chetu cha Katanga, kile kile alichowavisha shingoni mwaka mzima, pamoja na Kibemba cha bibi yake, na aliwacheka waliokuwa hawajui jina la ndege au la jani kwa lugha ya nyumbani. Kila mtoto alikuwa na cheo, na cheo kilikuwa cha kweli. Msichana mmoja mdogo sana, aliyewekwa mkuu wa moto, alimwagiza Madame akaleta kuni, akaziona mbichi, akamrudisha porini. Alirudi. Mimi nilisimama pale na sufuria mkononi nikimwangalia mwanamke ambaye direkteri wa shule mwenyewe alimwogopa, akirudi porini kwa amri ya mtoto wa kilo ishirini na tano.

Aliogopa vyura. Jambo hilo watoto waliligundua mwaka wa kwanza kabisa na hawakuliachia. Lakini yeye ndiye aliyeanzisha daftari la kijito. Kila mwaka, asubuhi ya siku ya pili, kundi moja liliingia majini kuhesabu vyura, kaa na samaki wadogo, na kuandika rangi ya maji, na yeye alisimama mbali juu ya ukingo, koti limefungwa mpaka shingoni, akiuliza kwa sauti wako wangapi na wanafanya nini. Darasa la kila mwaka liliandika chini ya darasa lililopita. Daftari lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji.

Sasa niseme kuhusu kinyongo changu, kwa sababu bila hicho hamtaelewa nilichofanya. Mwaka wangu wa nne kambini nililala mchana. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na mimba, nikasinzia chini ya turubai, na wasichana wawili wakaenda kijitoni peke yao. Hawakupatwa na lolote. Madame aliwarudisha, akaja kunisimamia kichwani, akaniambia mbele ya darasa zima kwamba mtu anayelala zamu yake aseme mapema ili mti uwekwe mahali pake. Watoto walicheka kile kicheko cha dirishani. Alikuwa na haki. Hakuomba radhi kamwe, wala hakukuwa na cha kuomba radhi. Nilikibeba kicheko kile miaka yote.

Mwaka aliomfundisha binti yangu ndio ulikuwa wa mwisho. Binti yangu anaitwa Gracia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mbishi, na nadhani Madame alimpenda, kwa maana alimkosoa kuliko wengine wote. Kambini alipewa kundi la kijito.

Asubuhi ile ya pili walirudi mapema mno. Gracia alikuja na daftari limefungwa, akasema hakuna cha kuhesabu. Madame alidhani wanacheza. Tulikwenda wote. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mawe ya chini yalikuwa na ukoko wa kijani kibichi usiotoka kwa kucha. Hatukuona chura, hatukuona kaa. Kwa mara ya kwanza Madame alishuka mpaka chini, viatu vikaloa, akainama akatazama. Wavulana waliokuwa wameoga jioni ya jana walikuwa wakijikuna mikono na shingo, na mimi nilikuwa nimewaambia ni baridi tu.

Aliuliza darasa nani anataka kufuata kijito kwenda juu. Wote waliinua mikono. Tulitembea kama saa moja kwenye nyasi zilizoungua. Juu kule tulikuta ukuta wa mabati, na nyuma yake mashine zinanguruma, na chini ya mabati bomba nene likimimina maji hayo hayo kijitoni. Kilikuwa kiwanda cha kuoshea mawe ya madini, kimejengwa baada ya kambi ya mwaka uliotangulia. Mlinzi alitoka akatuambia tuondoke. Nilitegemea Madame atagombana naye, maana aligombana na kila mtu, hata na padri kuhusu urefu wa mahubiri. Hakugombana. Alimwambia mlinzi tutaondoka baada ya kuandika. Kisha akawageukia watoto.

"Kile munaona, muandike," alisema. "Kile hamuyue, muandike hatuyue."

Mtoto mmoja aliuliza kama aandike kwamba maji yana sumu. Madame akamuuliza kama ameyapima. Mtoto akasema hapana. Basi akamwambia aandike hatujui. Walijaza chupa kumi na mbili, nyingine juu ya bomba, nyingine chini yake, wakafunga vizibo, wakabandika majina. Nilimwambia Madame pembeni kwamba jambo hili lina wenyewe, na sisi tuna watoto wa watu. Alijibu kwamba anajua ana watoto wa watu, ndiyo maana hawezi kuwaambia hawakuona walichoona.

Siku ya kutangaza matokeo, shule yetu hupanga viti uwanjani, wazazi huvaa nguo za kanisani, na kila darasa la juu huonyesha kazi moja ya mwaka kabla ya majina kusomwa. Darasa la tano lilicheza ngoma. Darasa la sita lilileta meza, likapanga chupa kumi na mbili, na mbele ya kila chupa karatasi. Katika viti vya wageni alikaa bwana mwenye kile kiwanda. Alikuwa amealikwa na direkteri kwa kuwa alitupatia mabati ya madarasa mawili. Madame alijua atakuwepo? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani alijua. Na hapo ndipo hasira yangu kwake bado ina miguu: angeweza kuzungumza yeye, mtu mzima, kwa mdomo wake. Aliwaacha watoto wazungumze, na aliyesimama kusoma alikuwa wangu.

Gracia alisoma polepole, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili. Alisoma rangi ya maji. Alisoma kwamba madarasa ya nyuma yalijaza kurasa za vyura na kaa, na mwaka huu ukurasa ni mtupu. Alisoma kwamba waliooga wanajikuna. Alisoma kwamba bomba linatoka chini ya ukuta wa mabati, upande wa kushoto. Hakutaja jina la mtu. Alimaliza kwa kusema, "Kilichomo ndani ya maji, hatujui. Tunaomba anayejua atuambie."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule bwana alisimama, akampa direkteri mkono kwa adabu sana, akaondoka. Majina yakasomwa haraka haraka, na asilimia zikasomwa kama mtu anayehesabu magunia.

Kesho yake chupa zote kumi na mbili zilikuwa zimemwagwa nyuma ya vyoo. Daftari la kijito lilichukuliwa na direkteri na sijaliona tena.

Siku ya tatu tuliitwa mkutano, walimu na kamati ya wazazi. Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa kwa mashine. Ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, kwamba Madame wa Sita aliwapeleka watoto kambini bila ruhusa ya maandishi. Kweli, kwa maana miaka yote ruhusa ilikuwa ya mdomo. La pili, kwamba aliwafikisha mahali pasiporuhusiwa. Nusu kweli. La tatu, kwamba aliwafundisha watoto kutunga uongo juu ya mtu mwenye heshima. Wanaojua kuandika karatasi za namna hiyo huweka uongo mwishoni, baada ya kweli mbili, ili mkono unaosaini uwe umeshapata mwendo.

Direkteri alinigeukia mimi. "Mama Gracia, weye ulikuwaka kule. Neno yako iko na uzito."

Ningependa kusema kwamba mume wangu alifanya kazi kwenye kile kiwanda. Hakufanya. Ningependa kusema nilitishwa. Hakuna aliyenitisha. Sauti ya direkteri ilikuwa ya kirafiki, dirisha lilikuwa wazi, nje watoto wa jirani walikuwa wakiruka kamba. Nilisoma karatasi yote mpaka chini. Nilifikiria kile kicheko chini ya turubai. Nilifikiria pia kwamba darasa la sita litabaki bila mwalimu. Nikasaini. Baada yangu wengine walisaini bila kusoma, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesoma.

Madame alikuwa ameketi mwisho wa chumba na koti lake. Nilimsubiri apasuke. Mwanamke aliyemvua nguo kila mtu kwa maneno miaka yote hiyo, siku ile angekuwa na sababu. Aliuliza kama amemaliza kusikilizwa, wakati hakuwa ameulizwa kitu. Kisha akasema, kwa lugha yetu ambamo uongo ni bongo, "Minye, museme mambo yote munataka. Batoto habakusema bongo." Akaondoka, akafunga mlango kwa namna yake ile. Wiki hiyo hiyo alihama nyumba.

Mnadhani iliishia hapo. Watu wa kiburi hawaishii hapo. Yule bwana, au watu wake, walitaka zaidi, na direkteri akawapa. Watoto wote wa darasa la sita waliitwa ofisini, mmoja mmoja, na vyeti vyao vilikuwa vimepangwa mezani. Kila mmoja alitakiwa kusema kwamba walidanganya na kwamba anaomba msamaha. Akisema, anachukua cheti. Asiposema, cheti kinabaki, na bila cheti hakuna shule ya sekondari inayompokea. Watoto wa miaka kumi na miwili, wamevaa sare zilizopigwa pasi.

Gracia alikataa siku mbili. Alikaa nyumbani hali chakula, akiniambia kwamba mimi nilikuwepo, mimi niliyaona maji, niende nikaseme. Nilimwambia ni maneno tu. Nilimwambia maneno yanatoka mdomoni na kupotea, lakini cheti kinabaki. Akauliza Madame anasema nini. Nikamjibu kwamba Madame ameandika barua ya kuacha kazi na kuondoka mwenyewe, hakutaka matatizo, amewaacha. Hivyo ndivyo nilivyosema. Siku ya tatu Gracia alikwenda ofisini. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Alitoka na cheti, akanipa mimi nikibebe.

Septemba nikapewa darasa la sita.

Madawati yalikuwa yamesuguliwa vizuri, na ndani yake zilikuwa zile barua. Nilizikusanya kabla watoto hawajaingia, nikazichoma. Mwisho wa mwaka wangu wa kwanza nilifanya sherehe: majoho ya kukodi ya rangi ya bluu, kofia za karatasi, keki yenye jina la shule, na muziki mkubwa. Wazazi walifurahi. Walipiga picha. Walisema hatimaye darasa la sita lina mambo ya kisasa, bila mavumbi na kulala chini kama wachimbaji. Nimefanya sherehe hiyo mara sita. Hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyeniandikia tusi, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyeniona vya kutosha.

Mwaka jana Gracia alimaliza sekondari na kukubaliwa Lubumbashi kusomea uuguzi. Nilikwenda naye kumtafutia chumba. Asubuhi ile kabla ya kutoka aliniambia anataka tushuke Kapolowe. Mwenzake mmoja wa darasa alimwambia kwamba Madame wa Sita anaishi huko, upande wa pili wa barabara, na ana shamba la muhogo na nyanya. Nilitafuta sababu ya kukataa na sikupata hata moja ya kusema kwa sauti.

Hakuwa mbali na kituo. Tulimkuta uani, anageuza muhogo uliolowekwa na kuanikwa juu ya mikeka. Koti lilikuwa lile lile, limepauka mabegani. Alikuwa amepungua, na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu. Alimtambua Gracia kabla hajasalimiwa, akamwambia amerefuka na bado anasimama vibaya. Mimi alinisalimu kwa heshima zote, akaniita Mama Gracia, akaniuliza habari za mume wangu na za watoto wa nyumbani, akanipa kiti. Kwa Gracia alitoa kigoda karibu naye.

Alituandalia bukari na samaki wa ziwani na lengalenga, mchicha wa kwetu. Alitueleza kwamba kaka yake aliacha shamba la kijitoni, muhogo ulikuwa ukioza ardhini, na wote wamehamia huku. Alisema hayo kama mtu anayesoma orodha. Aliniuliza nani anafundisha la sita. Nikasema ni mimi. Akasema anajua, alitaka tu kusikia ninavyosema. Sahani yangu aliijaza kama ya mwanangu.

Tulipomaliza kula Gracia alinawa mikono, akakaa wima. Nikaona kwamba hakuja kusalimu. Alikuwa na miaka sita ya hasira tumboni, na ilikuwa ya Madame.

"Madame, juu ya nini ulituachaka?" alisema. "Batoto bote tulikungoja. Tuliingia mu biro ya direkteri moja moja, peke yetu."

Madame alinitazama kwa lile jicho zima. Hakuwa ananishtaki, alikuwa ananingoja, kama alivyowangoja watoto wa dirishani wamalize hesabu. Nilielewa kwamba angeweza kusema mwenyewe kwa sentensi moja, na kwamba hatasema.

"Mama Gracia," alisema mwishoni, "mutoto anauliza."

Nikamwambia binti yangu. Nilimwambia Madame hakuwaacha, aliondolewa. Nilimwambia kuhusu karatasi na mambo yake matatu, na kwamba hakukuwa na barua yoyote ya kuacha kazi. Nilimwambia jina la kwanza chini ya karatasi lilikuwa langu. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, na hilo lilinitia hofu.

Gracia hakulia. Aliuliza, "Uliisoma mbele ya kusaini?"

"Niliisoma."

"Yote?"

"Yote."

"Na kisha ukaniambia niombe musamaha."

Nikasema ndiyo. Akamgeukia Madame, na hapo sauti yake ikapasuka kidogo, akasema kwamba hata yeye alisema walidanganya, alilisema neno lile mbele ya direkteri, na amekaa nalo tangu siku ile.

Madame alikasirika. Ile hasira ya zamani ikampanda usoni, na kwa dakika moja alikuwa na umri wake wa darasani. "Weye ulikuwa na miaka kumi na mbili," alimwambia. "Balikushikia cheti. Usinitajie tena ile kintu."

Nikaona niseme na mimi. Nikaanza kuomba msamaha, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka. Hakuniacha nifike mbali.

"Hapana, Mama Gracia. Kutoka Likasi mpaka huku, barabara iko moja. Miaka sita yote iko pale, haina mahali pa kupotea." Akainuka, akarudi kwenye mikeka yake, akaendelea kugeuza muhogo. Gracia alimfuata, akapiga magoti upande wa pili wa mkeka, wakageuza pamoja. Walizungumza. Nilikuwa kwenye kiti nilichopewa, na sikusikia walichosema.

Basi la Lubumbashi lilipita saa tisa. Gracia alipanda mbele yangu, akachagua kiti cha dirishani, akaweka mfuko wake juu ya kiti cha pembeni. Viti vingine vyote vilikuwa na watu. Kondakta alimtazama, akanitazama mimi, akaamua si kazi yake. Sikumwomba auondoe. Nilishika chuma cha juu, nikasimama mpaka Lubumbashi.